Muhula Mzima Kwenye Simu: Panapokwama Darasa la Mtandaoni

Machi 2020, janga la UVIKO-19 lilipoingia, Kenya iliagiza vyuo vyake viwe vimefungwa ifikapo Ijumaa ya tarehe 20. Tanzania ilifunga vyake wiki hiyohiyo na kuvifungua tena Juni 1. Miezi miwili na nusu si mingi, kwa hiyo vyuo vingi vya Tanzania vilikaa vikisubiri. Kenya, ambako milango ilifungwa kwa muda mrefu zaidi, vyuo vilihamia mtandaoni kwa haraka ya mtu aliyekutwa na mvua nguo zake zikiwa kambani. Tangu hapo darasa la mtandaoni halijaondoka. Kozi za jioni, uzamili wa watu walioko kazini, masomo ya lazima yenye wanafunzi wengi kuliko viti vya ukumbi wowote, yote sasa hupita kwenye skrini, angalau kwa sehemu.

Kosa la mwaka ule bado linarudiwa. Ratiba ya ukumbini ilinyanyuliwa nzimanzima ikatuliwa kwenye Zoom. Kipindi cha Jumatatu saa mbili hadi saa nne asubuhi kikabaki palepale: mhadhiri anaongea, wanafunzi wanasikiliza. Ukumbini saa mbili hizo hazimgharimu mwanafunzi zaidi ya nauli. Mtandaoni kila dakika ina bei, na anayeilipa ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote darasani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kilikuwa kikifundisha watu walio mbali kabla hata simu janja hazijaingia mifukoni. Anayesoma mbali hupewa kwanza kitu cha kusoma, na kukutana huwa kwa sababu maalumu. Karibu kila kero iliyotajwa hapa chini inatokana na kulisahau hilo.

Hesabu ya bando

Mhadhiri anayepanga kozi aanze na kalamu na karatasi. Mkutano wa video wa watu wengi kwenye Zoom hula kati ya kilobiti 600 na megabiti 1 kwa sekunde, kwa upande mmoja. Kwa saa moja hiyo ni MB 270 hadi 450 zinazoshuka kwenye simu ya mwanafunzi, na akiwasha kamera yake, zinazopanda nazo zinakatwa. Sauti peke yake hula kilobiti 60 hadi 80, yaani MB 30 hivi kwa saa. Sauti na slaidi bila sura ya mtu ni kama MB 70. Sauti iliyorekodiwa mapema kwa kilobiti 32, ambayo kwa maneno ya kawaida inasikika vizuri kabisa, ni MB 14 na kidogo kwa saa, na mwanafunzi anaweza kuirudia mara kumi bila kulipa tena.

Sasa zidisha. Kozi tano, saa tatu kwa wiki kila kozi, wiki 15: hizo ni saa 225. Kwa video ya MB 400 kwa saa, muhula mmoja unameza GB 90. Kwa sauti na slaidi ni GB 16. Kwa sauti iliyorekodiwa, GB 3 na ushee. Tuseme bando linakuja kwa shilingi 2,000 za Tanzania kwa GB. Njia ya kwanza ni shilingi 180,000, ya pili 32,000, ya tatu kama 6,500. Posho ya chakula na malazi kwenye mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi Tanzania, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/2023. Kwa hiyo ile 180,000 ni siku kumi na nane za kula na kulala. Hapo tunamzungumzia mwenye bumu, yaani fedha ya mkopo. Asiye na mkopo hana hata pa kukatia.

Mwanafunzi naye ana hesabu yake. Bando la saa 24 huonekana rahisi kwa sababu ni la mia tano au elfu moja, lakini ukigawa bei kwa GB, la wiki au la mwezi mara nyingi hulishinda kwa unafuu. Bando la usiku ni la kupakulia: weka saa ya kukuamsha, pakua rekodi zote za wiki, rudi kulala. Kwenye WhatsApp zima kupakua kiotomatiki picha na video, la sivyo harusi ya binamu itakula GB za somo la takwimu. Kwenye duka la programu zima usasishaji usiotumia Wi-Fi. Simu yenye GB 16 za nafasi, ambazo karibu nusu zimeshachukuliwa na mfumo wenyewe, hujaa kabla ya wiki ya sita. Hamishia rekodi kwenye kadi ya kumbukumbu mapema, kabla simu haijaanza kugoma kufungua hata PDF.

Kuna gharama moja isiyoonekana ambayo mhadhiri humtwisha mwanafunzi bila kujua: ukubwa wa herufi. Slaidi yenye herufi za 12 haisomeki mpaka video ifunguliwe kwa ubora wa 720p. Ukiandika kwa 28, mistari sita au saba kwa slaidi, mwanafunzi anasoma kwa 360p na bando linadumu mara mbili au tatu zaidi.

Halafu kuna mipaka ya akaunti za bure. Zoom isiyolipiwa hukata mkutano ukifika dakika 40 na haipokei zaidi ya watu 100. Google Meet isiyolipiwa hukomea dakika 60 kwa watu watatu na kuendelea. Kozi ya watu 140 ikikutania huko, arobaini wanabaki nje kila wiki, na mara nyingi wanaambiwa walichelewa. Wale walioko mbali na mnara ndio huchukua muda mrefu kuunganika, kwa hiyo wanaobaki nje ni walewale kila wiki. Mhadhiri asiyejua idadi hiyo huhitimisha kwamba wanafunzi fulani ni wavivu.

Kurekodi somo

Watu huhangaika na kamera wakati mwanafunzi anachotaka ni sauti. Earphone za kawaida zenye kipaza sauti, zile za elfu tano au kumi mtaani, zinaishinda maikrofoni ya laptopu nyingi kwa sababu mdomo uko karibu nayo. Kipaza kikae upana wa kiganja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isipige. Chumba kitupu chenye vigae hutoa mwangwi. Chumba cha kulala chenye godoro, mapazia na kanga zilizotundikwa kinameza mwangwi bure. Zima feni, funga dirisha la upande wa barabarani, rekodi alfajiri kabla bodaboda hazijaamka.

Somo la saa mbili lisirekodiwe kwa mkupuo. Likatwe vipande vya dakika nane hadi kumi na mbili, kila kimoja na jambo lake: kimoja maana ya dhana, kimoja mfano uliofanywa hatua kwa hatua, kimoja makosa ambayo wanafunzi hufanya. Faida ya kwanza ni ya mhadhiri mwenyewe. Ukikosea dakika ya saba ya kipande cha dakika kumi, unarudia kipande kimoja. Faida ya pili ni kwamba mtandao ukikatika katikati ya kupandisha, kinachopotea ni MB chache. Ya tatu inakuja mwakani: sheria au takwimu ikibadilika unabadilisha kipande kimoja, vingine unaviacha.

Kwa hesabu, kemia na uhandisi, slaidi hazitoshi kwa sababu mwanafunzi anahitaji kuona mkono ukitembea. Panga vitabu marundo mawili yenye kimo cha sentimita 30 hivi, weka rula mbili juu yake, laza simu hapo kamera ikitazama chini, karatasi nyeupe katikati. Mwanga utoke kwenye dirisha la kushoto kama unaandikia mkono wa kulia, la sivyo kivuli cha kiganja kitafunika unachoandika. Kalamu ya wino mzito. Bluu ya Bic nyembamba hupotea kwenye video. Ukimaliza ukurasa, usiutupe. Upige picha na uuweke kama maelezo ya somo, kwa kuwa kuna watakaoshindwa kufungua video kabisa na huo ukurasa ndio utakuwa somo lao.

Hapa pana uchungu ambao haupati nafasi kwenye warsha za mafunzo. Kuandaa kipande cha dakika kumi chenye kueleweka kunaweza kumla mtu saa mbili au tatu mwanzoni. Mhadhiri wa muda, ambaye mara nyingi hulipwa kwa saa ya kipindi, hapati malipo kwa saa hizo. Ndiyo sababu wengi hurudi kwenye Zoom ya saa mbili mfululizo. Kwa mlipaji, Zoom ndiyo inayoonekana kama kufundisha. Idara inayotaka rekodi nzuri iyahesabu maandalizi kama mzigo wa kazi, vinginevyo itapata slaidi za zamani zilizosomwa kwa sauti ya usingizi.

Wiki ya kwanza: kuingia, kundi na saa

Vyuo vingi hutumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, na karibu kila mwaka kundi la kwanza la matatizo halihusiani na somo. Ni nywila. Mfumo hutuma kiungo cha kubadilisha nywila kwenye barua pepe ya chuo ambayo mwanafunzi hajawahi kuifungua. Wiki ya kwanza iwe na zoezi moja lisilo na alama: ingia, piga picha ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, ugeuze kuwa PDF, uwasilishe. Atakayeshindwa atajulikana wiki ya kwanza, wakati bado pana muda wa kumsaidia, badala ya usiku wa jaribio lenye alama kumi na tano.

Pamoja na mfumo, kila kozi ina kundi la WhatsApp, liwe rasmi au la. Yaundwe mawili: moja la matangazo ambamo mhadhiri na CR, yaani kiongozi wa darasa, pekee wanaandika, lingine la mazungumzo. Kundi likiwa moja, tangazo la kubadilika kwa tarehe ya jaribio linazikwa chini ya "Amina", stika na matangazo ya vyumba vya kupanga. Na faili zinazopita huko huja na majina kama DOC-20230412-WA0007. Baada ya mwezi, hakuna mtu kwenye kundi anayejua ipi ni mada ya tatu na ipi ni desa, yaani maelezo ya kunakili, la mwaka juzi. Mhadhiri aipe faili jina kabla ya kuituma: msimbo wa kozi, namba ya wiki, mada. Mwanafunzi afanye hivyohivyo kwa kazi yake, akikumbuka kwamba namba za usajili zenye mkwaju hazikubaliki kwenye jina la faili, kwa hiyo mkwaju ugeuzwe kistari.

Sasa saa. Hili limewaangusha watu wengi kuliko ugumu wa maswali. Mfumo unaandika 23:59, mwanafunzi anaambiwa kundini "mwisho saa sita", mwingine anaelewa saa sita mchana. Mfumo ukiandika 12:00 AM ya Ijumaa, huo ni mwanzo wa Ijumaa, yaani usiku wa manane unaoanza mara Alhamisi inapokwisha. Aliyepanga kuimalizia kazi yake Ijumaa jioni ameshachelewa karibu siku nzima. Isitoshe, kwa mtu wa pwani siku huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwake ni ule wa kuamkia Ijumaa, na kwa aliyekulia bara ni Ijumaa yenyewe jioni. Wote wawili wana haki. Andika hivi: "Alhamisi tarehe 14, saa 5:59 usiku, kabla ya kulala." Maneno matatu ya mwisho yanaonekana ya kitoto, lakini yanamaliza ubishi.

Seva nayo inaweza kuwa imewekewa saa za London, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu au mbili kutegemea msimu. Kila mtumiaji afungue wasifu wake na kuchagua Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi. Kozi yenye watu wa Bujumbura, Kigali au Bukavu izingatie kwamba wao wako nyuma kwa saa moja, na aliyeko Muscat au Dubai yuko mbele kwa saa moja.

Kimya

Kufikia wiki ya tatu kipindi cha moja kwa moja huwa kimejipatia sura yake. Dakika tano za kwanza kisanduku cha ujumbe kinajaa "Shikamoo Dokta" mia moja na ishirini, kisha majina na namba za usajili kwa ajili ya mahudhurio, kisha hakuna kitu. Mhadhiri anaongea na miraba myeusi. Anauliza "Mnanisikia?" na jibu linachelewa sekunde nane. Anauliza swali la somo, halijibiwi. Wahadhiri wengi huchukulia kimya hicho kama dharau. Kumbe upande wa pili mwanafunzi amekaa kwenye kochi lenye watu watatu wengine, redio inaimba, na akifungua maiki nyumba nzima itasikika darasani. Mwingine yuko juu ya kichuguu nyuma ya shamba kwa sababu ndipo mtandao unapofika. Mwingine, na huyu mara nyingi ni binti, ameitwa jikoni mara mbili tangu kipindi kianze, kwa kuwa aliyeko nyumbani akishika simu haonekani kama yuko shuleni. Kuna pia wanaojiunga, kutaja jina na kwenda zao. Nao wapo, tusidanganyane.

Kulazimisha kamera hakutibu lolote kati ya haya, na kunaongeza gharama ya bando na aibu ya ukuta usiopigwa rangi. Dawa inayofanya kazi ni kubadilisha aina ya swali. "Kuna mwenye swali?" ni swali lisilojibika. "Andikeni namba moja: mshahara wa laki nane ukikatwa asilimia kumi, unabaki kiasi gani?" linajibika kwa kidole kimoja, bila maiki, hata kama mtu anakoroga uji kwa mkono wa pili. Swali la namna hiyo kila baada ya dakika kumi linafanya kazi mbili: linaonesha nani yupo na linaonesha wangapi wamepotea. Nusu ya majibu yakiwa ya makosa, mhadhiri arudi nyuma hapohapo.

Kipindi cha moja kwa moja kibaki kwa maswali tu, dakika 30 hadi 40, baada ya wanafunzi kusikiliza rekodi. Kikikatika, hakuna somo lililopotea. Asiyeweza kuingia atume swali kwa ujumbe wa sauti kwa CR kabla ya siku yenyewe. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika kumi hauzidi sana MB 1 au 2, na kwa mwanafunzi wa mbali hiyo ndiyo redio yake ya darasa.

Mhadhiri naye alindwe. Akishatoa namba yake, maswali huingia saa saba za usiku, mengine ni yaleyale yaliyojibiwa asubuhi. Aseme wazi mapema: nitajibu jioni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, kwenye kundi ili wote wasome, na mambo binafsi tu ndiyo yaje kwangu peke yangu. Kuandika "Samahani kwa usumbufu, Dokta" mbele ya swali hakulifanyi lisiwe la saa saba za usiku.

Kazi za kuwasilisha na majaribio

Hapa ndipo machozi yanapotoka, kwa hiyo twende taratibu.

Mwanafunzi amefanya kazi kwa mkono, kurasa kumi na mbili. Anapiga picha kwa kamera ya simu, kila picha MB 3 hadi 5, anazibandika kwenye Word na kupata faili la MB 45. Mfumo unakataa. Sababu mara nyingi iko kwenye seva: PHP, lugha ambayo Moodle imeandikwa kwayo, huja ikiwa na kikomo cha MB 2 kwa faili moja mpaka msimamizi akiongeze, na wengine huongeza kidogo tu. Njia sahihi ni programu ya kuskani, mchana karibu na dirisha, karatasi ikiwa juu ya kitambaa cheusi ili kingo zionekane, na hali ya nyeusi na nyeupe badala ya rangi. Ukurasa unashuka hadi KB 100 au 150, na kazi yote inakaa ndani ya MB 2. Fungua PDF yako kabla ya kuituma uhakikishe kurasa zimesimama wima na namba nne haijatangulia namba tatu. Mhadhiri anayesahihisha kazi tisini kwa kupindua shingo hawezi kuwa na ukarimu wa alama. Wanaokwenda steshenari kuskaniwa waende siku mbili kabla. Siku ya mwisho foleni ni ndefu, na faili linaweza kubaki kwenye kompyuta ya pale kwa yeyote anayelitaka. Lifute kabla ya kuondoka.

Kupandisha faili si kuwasilisha. Kama mhadhiri ameweka sharti la kuthibitisha, Moodle huliacha faili katika hali ya rasimu, "Draft", mpaka mwanafunzi abonyeze "Submit assignment" na kukubali tamko la kwamba kazi ni yake. Kila muhula wapo wanaoishia hatua ya kwanza, wakazima data na kulala kwa amani. Piga picha ya skrini inayoonesha hali ya kuwasilishwa, tarehe na saa. Picha hiyo itakusaidia kuliko kiapo chochote. Kwa mhadhiri, kuna tarehe mbili kwenye mipangilio na hazifanani: ya kwanza inaweka alama ya kuchelewa lakini inapokea, ya pili inafunga mlango. Ziachanishe kwa saa 24 au 48. Umeme wa nusu mkoa ukikatika jioni ya mwisho, hutalazimika kusoma barua themanini za maombi.

Jaribio la mtandaoni lina mitego yake. Mhadhiri anaweka lifunguliwe saa mbili asubuhi, lifungwe saa sita mchana, muda dakika 60. Mwanafunzi anaingia saa tano na nusu akiamini ana saa nzima. Moodle inampa dakika 30, kwa sababu mlango ukifungwa unafungwa. Hilo liandikwe kwenye maelekezo kwa herufi nzito: mwisho wa kuanza ni saa tano kamili. Pia usiwafungulie wanafunzi 600 dakika moja, maana seva italala na kila mtu atadhani ni simu yake. Wagawe makundi, kila moja robo saa baada ya jingine, maswali yakichotwa kutoka benki kubwa: maswali 20 kwa kila mmoja kutoka benki ya 80 au zaidi.

Swali moja kwa kila ukurasa linaonekana salama dhidi ya udanganyifu. Kwenye mtandao dhaifu, ukurasa mmoja unaweza kuchukua sekunde kumi na tano kufunguka, na kwa maswali 40 hizo ni dakika kumi zilizoibwa. Maswali yote kwenye ukurasa mmoja nayo ni hatari, ingawa Moodle huhifadhi majibu kila baada ya dakika moja hivi mtandao ukiwepo. Matano kwa ukurasa ni kati na kati. Mwanafunzi akiona onyo kwamba muunganisho umepotea, asifunge kivinjari wala asibonyeze kuendelea. Arudishe data kwanza, asubiri onyo litoweke. Majibu ya maelezo marefu yaandikwe kwanza pembeni, kwenye programu ya kuandikia, kisha yabandikwe.

Aliyekatikiwa mtandao kweli asiandikiwe sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa haraka. Moodle ina nafasi ya kumfungulia mtu mmoja dirisha lake mwenyewe bila kuwagusa wengine, na kumbukumbu za mfumo zinaonesha dakika aliyotoweka. Msomaji wa kumbukumbu hizo hugundua upesi nani alikatikiwa na nani alisoma swali, akatoka dakika ishirini, akarudi na majibu sahihi yote.

Kuhusu kudesa, yaani kunakili majibu: kundi la siri la WhatsApp la jaribio lipo kwenye kozi yako, usijidanganye. Kinachopunguza makali ni maswali yenye namba tofauti kwa kila mtu, maswali yanayodai mfano kutoka wilaya ya mwanafunzi mwenyewe, na dakika tatu za kumuuliza kwa simu "Ulifikaje hapa?" kwa wachache waliochaguliwa bila mpangilio. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, insha ya nyumbani peke yake haina tena uzito iliokuwa nao. Turnitin ni programu inayokagua kazi zilizonakiliwa. Kipimo chake cha kutambua maandishi ya mashine kilianza 2023 kikiwa cha Kiingereza, kwa hiyo idara za Kiswahili zilikuwa peke yao tangu mwanzo. Hata asilimia ya kawaida ya kufanana si hukumu. Ukipima rasimu ikahifadhiwa kwenye hazina, kisha ukaiwasilisha tena kupitia akaunti nyingine, itafanana na yenyewe karibu yote. Kabla ya kumwita mtu mwizi, fungua ripoti uone inafanana na nini.

Umeme, na waya baharini

Ruta ya nyumbani hula wati kumi na kitu tu, kwa hiyo betri ndogo ya ruta, ya volti 12, inaibeba saa kadhaa wakati wa mgao. Kompyuta ya mezani bila UPS, betri yake ya akiba, isitumike kwa jaribio. Simu ichajiwe kabla, laini ya pili ya mtandao mwingine iwe na bando dogo tayari. Mei 12, 2024 hata hilo halikusaidia sana: nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani, laini zote zikayumba pamoja. Waliokuwa wamegawa rekodi na maelezo mapema waliendelea kusoma. Waliokuwa na Zoom pekee walipoteza vipindi.

Baada ya matokeo

Akaunti ya mwanafunzi haikai milele, na kozi hufungwa au kusafishwa muhula mpya ukianza. Kabla ya hapo pakua kazi zako zilizosahihishwa, maoni ya mhadhiri na ukurasa wa alama. Alama za kozi zikitofautiana na zilizopelekwa idarani, na hutokea, hivyo ndivyo utakavyokwenda navyo ofisini.

Mhadhiri atoe nakala ya kozi nzima, lile faili linaloishia na .mbz, mara mbili: moja lenye kumbukumbu za wanafunzi kwa ajili ya rufaa, likabidhiwe idarani, na jingine bila wanafunzi kwa ajili ya kufundishia mwakani. Video zisiwe ndani ya kozi. Ziwekwe pengine na kozi ibebe viungo tu, kwa sababu faili la GB 3 halitarudi kupandishwa kwenye mfumo uleule uliokataa faili la MB 45. Likibaki na MB 30, unalirudisha hata kwa hotspoti ya simu, ukiwa kwenye basi la Morogoro.